Ijara na Usuhuba
Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 2004, watu 40 waliotengwa na bahari na umri walikutana kwa njia ya intaneti, wakapigana na majitu usiku baada ya usiku ili wachache wao wapate deraya. Na mchezo ulipopanuliwa mwaka 2007, deraya zile zilizopatikana kwa mashaka zilianza kupitwa na vazi la kawaida la safari mpya. Basi, ikiwa ijara ndiyo iliyokuwa muradi, mbona wako walioendelea kukutana? Naitakidi kwamba tuzo humwita mtu, walakini usuhuba ndio umkalishao. Kwani nafsi hutamani kupata, na zaidi ya kupata hutamani kuhitajiwa na wenziwe.