Mizani ya Msomaji

Liko swali ambalo wanafunzi wengi hujiuliza moyoni, hata kama hawalitamki: je, nina wajibu wa kusoma nisichokipenda? Apendaye mashairi huona habari za historia kuwa kavu. Apendaye sayansi hudhani kuwa ushairi ni mchezo wa maneno. Na wote wawili hukubaliana kwamba kitabu cha picha ni cha watoto wadogo.

Mwenye kutetea desturi hii ana hoja, wala si haki kuidharau. Husema kwamba siku ni chache, mitihani ni mingi, na kitabu kimoja kilichosomwa kwa makini hufaa kuliko kumi vilivyopitiwa mbio. Hayo ni kweli. Lakini fikiri, msomaji: hakimu akimsikiliza mshtaki kwa makini tangu asubuhi hata jioni, asimpe mshtakiwa nafasi ya kusema neno, hukumu yake itakuwa ya haki? Makini ni jambo jema, lakini makini kwa upande mmoja huzaa dhuluma.

Tutazame mfano. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa hata ndani ya Kongo. Alieleza maisha yake katika kitabu cha Kiswahili, akafariki Unguja mwaka 1905. Humo mna misafara, vita, faida na hasara. Sauti inayosikika ni ya mwenye mali. Mwaka 1934 kilitokea kitabu cha James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa. Chaitwa Uhuru wa Watumwa, nacho chasimulia habari za mateka waliookolewa baharini na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Hapa waliotekwa wanapata ulimi. Lakini Mbotela naye awasifu Waingereza mno, hata msomaji aweza kusahau kwamba wakombozi hao ndio waliotwaa ardhi ya Kenya na kuitawala mpaka mwaka 1963. Asomaye kitabu cha kwanza peke yake aweza kustaajabia ushujaa, asione machozi. Asomaye cha pili peke yake aweza kudhani kuwa uhuru ni zawadi ya mgeni. Asomaye vyote viwili ana mizani mkononi.

Je, habari za kweli zatosha? Hazitoshi. Mwanahistoria aweza kukuambia kwamba Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, na kwamba mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Umekwisha kujua tarehe na majina, lakini bado hujajua mama huchagua maneno gani anapohisi kuwa siku zake zinakwisha. Hilo utalipata katika beti zake tu. Huenda msichana wa leo asikubali kila alichousia juu ya mke na mume. Na asikubali, lakini amsikilize kwanza, maana kumkataa mtu ambaye hukumsikia ni ukaidi, na kumkataa baada ya kumsikia ni fikira.

Ama picha, si haki kuziita za kitoto. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto lugha kwa picha, kwa sababu aliamini kwamba neno hukaa vizuri zaidi akilini likiwa pamoja na kitu chake. Asiyesoma picha hudanganyika kwa picha. Fungua ramani ya dunia iliyochorwa kwa kanuni ya Mercator, ya mwaka 1569. Utaona Greenland inakaribia kulingana na Afrika kwa ukubwa. Kumbe Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Mchoraji hakusema uongo. Alichora ramani ya kuwaongoza mabaharia, ili wajue upande wa kuelekea, siyo ya kupimia ukubwa wa nchi. Kosa ni la atazamaye bila kuuliza ramani hiyo ilifanywa kwa kazi gani.

Basi nawe uliza vivyo hivyo kwa kila kitabu. Historia ilifanywa kwa kazi yake, shairi kwa kazi yake, na picha kwa kazi yake. Sikuambii usome kila kitu, maana hakuna awezaye. Nakuambia kwamba ukimaliza kitabu, ujiulize: ni nani aliyetajwa humu asipewe nafasi ya kusema? Kisha umtafute katika kitabu kingine, hata kama ni cha namna usiyoipenda.

Wajibu huu si wa mtihani. Kesho utakuwa mzazi, mwalimu, diwani au hakimu, na watu watakuja mbele yako wakiteta, kila mmoja na maneno yake. Aliyezoea kusikiliza upande mmoja katika vitabu atasikiliza upande mmoja katika baraza, na mwenye kuumia hatakuwa yeye, bali yule aliyenyimwa zamu ya kusema.