Mbwa Hana Dhambi



Swali letu mwezi huu ni hili: Je, ni halali mtu kuingia msituni na mbwa na kumwua mnyama aliyeumbwa na Mungu? Wako wasemao kuwa ni ukatili mtupu. Wako wasemao kuwa wanyama tulipewa, basi hapana la kuuliza. Twaona pande zote mbili zimekata shauri upesi mno.

Huko Uingereza ndege wa jamii ya kwale hufugwa na kuachiliwa kwa mamilioni kila mwaka, ili wenye mali wawapige bunduki kwa kujifurahisha. Hapa Unguja msasi ni mkulima. Nguruwe mwitu akiingia konde la muhogo, usiku mmoja watosha kumaliza jasho la miezi. Ndipo watu hukusanyika na mbwa, mikuki na nyavu, wakaingia uwanda, ile nchi ya mawe na vichaka vya mashariki na kusini, pande za Kiwengwa hata Mtende na Kizimkazi. Mtu anayelinda chakula cha wanawe hatumwiti mkatili. Wala hatumlaumu maskini apataye kanga au kororo kwa kitoweo.

Lakini mbwa akishafunguliwa hachagui. Kwake yeye nguruwe mharibifu na paa mwenye mimba ni mbio zile zile. Tunaye paa nunga, mnyama mdogo ambaye duniani kote yuko Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Akikurupushwa, hukimbilia wavuni kama mwingine yeyote. Jioni msasi atasema, "Mbwa ndio waliomkamata." Je, neno hilo lamtoa hatiani?

Ndugu zetu Waislamu hujitahadhari sana na mate ya mbwa. Hata hivyo sheria yao yaruhusu kula kilichokamatwa na mbwa aliyefunzwa, akatumwa kwa jina la Mungu. Tuangalie neno hilo, akatumwa. Mbwa ni mjumbe. Mwenye kujibu ni aliyemtuma.

Nasi tunayo mafundisho yetu. Katika Walawi 17 msasi aliamriwa kuimwaga damu ya mnyama na kuifunika kwa udongo, apate kukumbuka kwamba uhai si mali yake. Katika Kumbukumbu la Torati 22, aonaye kiota aweza kutwaa makinda, lakini mama yao amwache aende. Mungu hakukataza kuwinda, alikataza kumaliza.

Na kumaliza twakujua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na kampeni ya kuwaandama wachawi na chui pamoja, ikiongozwa na mganga aliyeitwa Kitanzi, kwa kuwa watu waliamini kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma kudhuru jirani. Hofu ya watu kwa watu ililipwa kwa ngozi ya mnyama. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wamekata tamaa kwamba chui wa Unguja angali hai. Huenda kila msasi alijihesabia wachache tu. Huenda hakuna aliyejiona kuwa ndiye aliyewamaliza.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, mbwa wasifunguliwe mahali palipokatazwa, kama Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Pili, anayekwenda kwa ajili ya nguruwe arudi na nguruwe au arudi mikono mitupu. Paa nunga akinaswa mzima, afunguliwe. Tatu, tusio wasasi tusijione safi. Nyama ya paa ikiletwa mlangoni kwa siri nasi tukainunua, sisi ndio tuliomtuma msasi, kama yeye alivyomtuma mbwa.

Wahenga walisema msasi haogopi mwiba. Na asiuogope. Bali amwogope Yeye atakayemwuliza habari za kila uhai alioutwaa, na asimsingizie mbwa.