Je, Andazi ni Dhambi?

Ukipita vichochoro vya Kariakoo asubuhi utawaona mama lishe na makarai yao ya maandazi, na wateja mabenchini wakinywa chai. Huenda miongoni mwao yuko mwenye duka aliyeagizwa na daktari apunguze uzito. Akila andazi moja hujilaumu kana kwamba ameiba. Kisha husema, "Siku imekwisha haribika," akaongeza matatu. Je, lile la kwanza lilikuwa kosa?

Twajibu: la. Andazi lililonunuliwa kwa fedha ya halali ni riziki. Kurani Tukufu inawakataza waaminio kujiharamishia vitu vizuri walivyohalalishiwa, na katika aya hiyo hiyo inawakataza kupita kiasi. Basi kinachopimwa ni kiasi. Nayo yale matatu ya baadaye hayakuletwa na njaa, yaliletwa na lawama. Hapo ndipo penye madhara, na watu wengi hawapatazami.

Salman, sahaba wa Mtume s.a.w., alipomkuta nduguye Abu Dardaa amejitia katika saumu za sunna na kukesha bila kupumzika, alikataa kugusa chakula mpaka mwenzake ale naye. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., alimsadiki Salman.

Kiasi nacho hakilingani kwa wote. Mchukuzi asukumaye mkokoteni wa magunia huumaliza mlima wa ugali, na jasho likauteketeza. Mwenye duka aketiye kutwa, sahani ile ile humzidi. Tena gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga 4. Kwa hiyo muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga si kitu kimoja, ijapokuwa umetoka fungu moja. Hizi ni hesabu tu. Mfanyabiashara aliyepata hasara Jumatatu haitupi barabarani mali iliyobaki. Jumanne hufungua duka.

Liko jambo gumu zaidi. Mjini kwetu anayenenepa husifiwa, na anayekonda huulizwa ana nini. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia, swali hilo limebeba hofu na umbea. Hivyo mtu huona haya akila, na huona haya asipokula. Na jamaa wamsukumiao sahani ya pili ya pilau arusini hudhani wanamkirimu, hali yeye amekwisha sema mara mbili kwamba ameshiba.