Amsaidiaye Mwovu

Yako maswali ambayo mwili wetu wenyewe watuuliza. Hili ni mojawapo: mtu asiyetenda uovu mwenyewe, ila amsaidia autendaye, ahesabiwe vipi?

Katika mwili zimo chembe ndogo zenye kazi ya kusuka nyuzi zishikazo nyama pamoja. Mkulima wa Newala ajikatapo kwa panga mikoroshoni, chembe hizo hukusanyika jerahani, huvuta kingo zake, husuka kovu, kisha hutulia. Ni watumishi wema. Lakini saratani iingiapo, uvimbe huziita kana kwamba pana jeraha, nazo huitika wala hazitulii tena. Huujengea uvimbe boma la nyuzi ngumu, huuhimiza ukue, tena huwazuia askari wa mwili wasipite. Mwaka 1889 tabibu Mwingereza, Stephen Paget, alifundisha ya kuwa mbegu ya saratani haioti pasipo udongo uifaao. Na mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani aliufananisha uvimbe na jeraha lisilopona.

Basi chembe hizi si saratani. Zatenda kazi yake ile ile, ila kwa bwana mwingine. Nasi huku twawajua wenzake. Mnunuzi wa kangomba ajapo Masasi wakati wa njaa, kununua korosho za mkulima kabla ya mavuno kwa bei ya kumnyonya, mara nyingi hana ghala wala mwenyeji. Mmoja humpa chumba, mwingine humwandikia hesabu, wa tatu humwonyesha nyumba za wajane. Kila mmoja husema, “Nimemkaribisha mgeni tu.” Ukarimu ni wema kweli, na ndio umtiao nguvu. Sioni udhuru huo watosha: chembe haina macho, bali mtu anayo.

Je, wasaidizi hao wang'olewe? Mwaka 2014 wenye elimu waliziondoa chembe hizo katika panya wenye saratani ya kongosho, na uvimbe ukazidi ukali. Kumbe nyingine zilikuwa zikiuzuia. Mwaka huo huo wengine walitumia dawa ya jamii ya vitamini D, wakazituliza, na dawa ya saratani ikapenya vema zaidi. Mfano wa magugu na ngano mwaujua. Usharika ukimfukuza yule mwenye chumba, hana pa kwenda ila kwa mnunuzi. Afadhali mzee wa kanisa aende kwake jioni, amwulize magunia yale ni jasho la nani.

Tena mfano huu usitupwe juu ya mgonjwa. Asemaye kwamba mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi ameadhibiwa au amerogwa, asema uongo; hiyo yatokana na kirusi, na tangu 2018 wasichana wa Tanzania wachanjwa dhidi yake. Mama huyo apelekwe mapema Ndanda au Mkomaindo, na usharika umtafutie nauli.