Mtoto Asiyetulia Chuoni

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa tabia mbalimbali. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa watoto, yeye na aali zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya darsa alitujia baba mmoja na mwanawe wa miaka minane. Mtoto alikuwa na hirizi tatu, moja shingoni na mbili mkononi, na miguuni alama za bakora. Baba akatwambia: "Sheikh, huyu ametolewa vyuo viwili. Hakai kitako. Akianza kuandika, mstari haujesha yuko dirishani. Akitumwa dukani husahau alichotumwa. Tumemnywesha makombe, na mganga amesema ana pepo. Mwalimu asema ni mkaidi, apigwe, nasi tumempiga. Tufanye nini tena?"

Hatukuweza kumjibu upesi, kwani maneno yake yalitukumbusha kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa twasomesha chuo, tulikuwa na mtoto wa namna hii. Akili alikuwa nayo, na sauti nzuri ya kusomea, lakini kutulia hakuweza. Tulimpiga karibu kila siku, na tukidhani kuwa huko ndiko kumlea. Siku moja akaondoka asirudi, wala hakukhitimu. Leo ni mtu mzima, na kila tulipokutana naye njiani alikuwa akivuka upande wa pili. Twaandika khabari hii ili asomaye asiingie tulimoingia.

Yapasa ijulikane kwamba hali hii ina jina na ina elimu yake. Matabibu huiita kwa herufi ADHD, na maana yake ni upungufu wa makini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Si jambo lililozuka jana. Mwaka 1902 tabibu wa watoto wa Kiingereza, George Still, aliwaeleza matabibu wenziwe mjini London khabari za watoto waliokuwa hawawezi kujizuia, ilhali akili zao hazikuwa pungufu.

Dalili zake ni za namna mbili. Ya kwanza ni makini kutokaa: mtoto huanza jambo asilimalize, hupoteza vitu vyake, husemeshwa akawa kama hasikii. Ya pili ni kutotulia na kutojizuia: huinuka wakati wa kukaa, hujibu kabla ya swali kwisha, hawezi kungoja zamu yake. Wako wenye moja, na wako wenye zote mbili. Wasichana wengi huwa na ile ya kwanza. Hukaa kimya huku fikira ziko mbali, na kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewatambua.

Lakini si kila mtoto mtundu ana hali hii. Utundu ni maumbile ya utoto. Matabibu wameweka masharti: dalili ziwe nyingi, zidumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na skuli, na ziwe zinamdhuru mtoto katika masomo au katika maisha yake na watu. Pia hutazamwa kwanza kama mtoto asikia vyema, aona vyema, na alala vya kutosha. Watoto wenye hali hii wakisiwa kuwa kama watano katika kila mia. Basi chuo chenye watoto arobaini huenda kikawa nao wawili.

Sababu yake kubwa ni urithi, kama mtoto anavyorithi urefu na sura. Pia huonekana zaidi kwa waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Si taksiri ya mama, wala si ukaidi.

Atasema msemaji: "Je, na majini?" Sisi hatuyakanushi majini, kwani Qurani imeyataja. Lakini kumwambia mzazi kuwa mwanawe amepagawa, pasipo ushahidi, ni kusema juu ya ghaibu bila ya elimu; na kuchukua fedha zake kwa neno hilo ni dhulma juu ya dhulma. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaamrisha waja wa Mungu watafute dawa, akabainisha kuwa hakuna maradhi ila yana dawa yake, isipokuwa uzee.

Atasema mwingine: "Je, na adabu? Mtoto asiadibishwe?" Twajibu: adabu humfaa awezaye akaacha, ama huyu anaadhibiwa kwa asiloliweza. Asiyeona mbali hapigwi ili aone. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alieleza kuwa ukali kwa wanafunzi huwadhuru, huwaondolea uchangamfu na huwafundisha uwongo na hila. Na sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi kupigwa.

Na tumtazame aliye kiigizo chetu. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume tangu udogoni kwa muda wa miaka kumi. Siku moja alitumwa, akapita penye watoto wakicheza sokoni, akasita kwao. Mara akahisi kushikwa kisogo kwa nyuma. Akageuka, akamuona Mtume anacheka. Akamwita kwa jina la kumdekeza, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Hatusemi kuwa Anas alikuwa na hali hii. Twasema kwamba mtoto alisita njiani alipotumwa, naye akakumbushwa kwa mkono mwororo na kicheko. Mtoto huyo ndiye aliyetupokelea hadithi zaidi ya elfu mbili.

Ama matibabu, la kwanza ni kumpeleka mtoto kwa tabibu wa watoto au wa maradhi ya akili. Wala neno hilo lisimtie mzazi haya. Aliye chini ya miaka sita, huanzwa kwa kufundishwa wazazi namna ya kumuongoza. Aliyepita hapo, tabibu huenda akaongeza dawa, na ijulikanayo zaidi ni methilifenideti, iliyotengenezwa mwaka 1944. Huwasaidia watoto wengi kutulia na kushika somo, lakini huenda ikapunguza hamu ya kula na usingizi. Kwa hivyo haipewi mtoto ila kwa amri ya tabibu na kwa kuangaliwa naye, wala haiazimwi kwa jirani.

La pili ni kazi yetu sisi waalimu na wazazi. Mtoto huyu akalishwe mbele, mbali na dirisha na mlango. Apewe aya mbili badala ya ukurasa, apumzike, kisha apewe nyingine. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa ulimi wake. Apewe kazi ya kuinuka: ateke maji, agawe misahafu. Akifanya vyema, asifiwe papo hapo. Nyumbani saa ya kula, ya kusoma na ya kulala ziwe ni zile zile kila siku. Na aachwe acheze. Imamu Ghazali alikwisha kutahadharisha kwamba kumnyima mtoto mchezo na kumlemeza kwa masomo huua moyo wake.

Hayo ndiyo tuliyomwambia baba yule, na tukamwandikia barua ya kumpelekea tabibu. Kisha tukaona kuwa haitufai kuwaonya wengine nasi tumebeba deni, kwani haki ya mja haiondoki kwa toba peke yake. Tukamwendea yule mwanafunzi wetu wa zamani kazini kwake, tukamuomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, nimekusamehe. Lakini nina mwanangu ni kama mimi, na mpaka leo sijampeleka chuo."

Tazameni, ndugu zetu, bakora zetu zimefika wapi. Tulimpiga mmoja, na Qurani ikawakosa wawili. Mtoto yule sasa yuko nasi chuoni. Hukaa mbele, na juzi amemaliza Suratu Nnaba kwa mafungu ya aya mbili mbili.

Enyi waalimu na wazazi, watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga, awaponye watoto wetu, na atupe subira ya kuwafundisha. Amin.