Gari ya baba: tunaamini chuma ao mutu?

Katika mila zetu kutunza kitu cha muzazi ni heshima. Mutu anayeuza jembe ya baba yake ili anunue ingine inayongaa, watu wanamutazama na jicho mbaya. Lakini kutunza ni nini? Nilizani ninajua jibu, mpaka asubuhi moja kwenye muteremuko wa Kadutu.

Baba alinunua Peugeot 504 yake mwaka wa 1981, hapa Bukavu, ikiwa imekwisha kutumika. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1975 ilishinda Safari Rally kule Kenya, katika vumbi na matope kama ya kwetu. Motere yake haikuwa na siri: fundi mwenye funguo na masikio mazuri alitosha, hakukuwa kompyuta ya kuuliza. Mwaka wa 1996, vita ilipokaribia, baba alitoa magurudumu yote na batri, akavificha, akaacha gari imekaa juu ya matofali. Waliokuja kutafuta magari waliitazama, wakapita. Tangu hapo mtaa muzima ulisema: gari ya muzee haiangushi mutu.

Niliirithi mwaka wa 2009. Niseme ukweli, nilipenda ile sifa kuliko gari yenyewe.

Siku moja mutoto wangu akaniuliza: « Papa, motere ulibadilisha, milango ya nyuma ulibadilisha, hata viti. Hii ingali gari ya babu? » Nilicheka, juu ni ulizo ninalofundisha wanafunzi wa mwaka wa sita. Plutarque anasimulia kwamba watu wa Athene walitunza merikebu ya Thésée, wakiondoa mbao zilizooza na kuweka mupya, mpaka wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile ao ingine. Mimi nilimujibu mutoto kwa jembe. Mupini unavunjika, unachonga mwingine. Chuma kinaisha, muhunzi anatia kingine. Na bado tunasema jembe ya babu, kwa sababu hakuna siku hata moja jembe ile ilikosa mwenyewe wa kuiangalia. Jibu hilo lilinipendeza sana. Profesa anapenda kusikia sauti yake.

Majuma mawili kisha, fundi akaniambia: « Profesa, ile tuyo ya freni ya mbele imechoka. Usicheze nayo. » Nikasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika pamoja na minervali ya watoto, nikasogeza tena. Asubuhi ile nilikuwa ninashuka na watoto wangu wawili na watatu wa jirani. Nikakanyaga pedali, ikaenda chini kabisa bila kukutana na kitu. Nikashusha vitesi, nikavuta freni ya mukono, nikaielekeza kwenye mufereji, ikajikwaruza ukutani mpaka ikasimama. Binti mudogo wa jirani alivunjika jino. Wengine walilia tu.

Jioni jirani akakuja. Nilingoja matusi. Akanishika mukono: « Pole, Profesa. Gari ile ni ya kuaminika, sote tunajua. Ni shetani tu. » Na mimi nikanyamaza. Lakini shetani hakuwa ameambiwa na fundi; mimi ndiye niliambiwa. Ilinichukua siku tatu kwenda kumuelezea ukweli, na siku hizo tatu zinaniuma kuliko ile ya mufereji.

Nilipokuwa mutoto, kila Jumamosi baba alilala chini ya gari na taa ya mukono. Maji, mafuta, freni, mipira. Hakuruka hata Jumamosi ya arusi ya dada yangu. Mama alikasirika sana. Watu waliposema gari haiangushi, bila kujua walikuwa wanasifu Jumamosi za baba. Chuma hakiwezi kutoa ahadi. Mimi nilipokea sifa, nikaacha Jumamosi, halafu nikapakiza watoto wa watu ndani ya sifa ile.

Rafiki zangu wanasema: uza, ununue moja ya kutoka Japani. Nyingi zinafika na volani ya kuume, na sisi tunatembea kuume kwa barabara: ukitaka kupita lori, lazima nusu ya gari itoke inje kabla hujaona kinachokuja. Lakini si hiyo inanizuia, wengi wanaziendesha vizuri. Ninajiuliza tu kama mutu aliyekosa Jumamosi moja kwa gari ya baba yake atazipata kwa gari ya mugeni.

Kwa sasa 504 iko juu ya matofali, sawa katika 1996. Fundi ameniandikia bei ya freni zote, mbele na nyuma, nami ninalipa kidogo kidogo. Watoto wa jirani wanaenda masomoni kwa miguu. Yule wa jino ananiuliza kila asubuhi ni lini.