Uungu wa Mchezo

Mtoto wa Segese, mkoani Shinyanga, afinyangapo ng'ombe wa udongo huwa mungu mdogo: humpa jina, humchunga, na akichoka humvunja. Hakuna amlaumuye, maana udongo hauna uchungu. Je, uungu wa mchezo hauna dhambi daima?

Mwaka 1826, kijijini Haworth, Uingereza, Charlotte, Branwell, Emily na Anne Brontë, mkubwa wao akiwa na miaka 10, waliwapa majina askari 12 wa mbao. Wakawabunia nchi, nao wakajifanya majini wakuu wenye uwezo wa kuua na kufufua. Mchezo huo Charlotte na Branwell waliuendeleza hata ujanani. Palipo na ufufuo wa bure, kifo huwa mzaha, na huruma hukosa kazi.

Hayo yangesameheka kama nchi ile ingekuwa ndoto tupu. Lakini waliiweka Afrika Magharibi, wakawafanya Waashanti kuwa maadui wa kushindwa. Na Waashanti walikuwa watu hai, waliopigana na Waingereza kwa kweli miaka ileile. Mbunifu ana haki juu ya alichokibuni. Hana haki juu ya mwenye pumzi yake.

Katika riwaya ya Jane Eyre, aliyoichapisha Charlotte mwaka 1847, msichana Helen Burns anakufa wala hafufuki. Uungu wa kufufua ulikwisha kuvuliwa. Ule wa kuwasemea walio mbali ni mzito zaidi kuuvua, kwa kuwa mwenye nao hausikii uzito wake. Auelemewaye ni mwingine.